Mfuko wa Sifuri

Jumatano. Newala ina ukungu tangu alfajiri, na sasa ni saa nne, bado siuoni ukuta wa jirani. Nimevaa sweta mbili. Kompyuta nimeilaza juu ya mto mapajani, naandika kwa vidole viwili, na kila baada ya sentensi chache napumzika.

Nianze na nililolificha, nisije nikachoka kabla sijalifikia.

Ninajua mifuko ya salfa, dawa ya mikorosho, ya kina mama wa Mnyambe ilikwenda wapi. Haikuibwa. Haikuuzwa Tandahimba, kama watu wanavyosema mpaka leo. Haikupakiwa kwenye lori kabisa. Hamisi, aliyekuwa mtunza ghala, hakuigusa. Ninajua kwa sababu programu iliyokuwa ikigawa mifuko ile niliiandika mimi.

Hamisi ni shemeji yangu. Mke wangu, Mama Somoe, ni mdogo wake, tumbo moja. Hajampa mkono kaka yake tangu miaka ile soko huria lilipoingia kwenye korosho, na sababu ni mifuko hiyo. Sasa kaka mtu ni mzee wa mkongojo, na mimi daktari ameniambia nirudi nyumbani nikapumzike. Nimesoma vya kutosha kujua neno hilo lina maana gani likitoka kwa daktari.

Nikifa nimenyamaza, hawa wawili hawatapatana. Hakuna mtu mwingine anayejua.

Wengi mnaosoma ukurasa huu niliwafundisha kompyuta, hapa Newala au kule Masasi. Wiki iliyopita mmoja wenu aliniandikia kwamba kazini wamemcheka. Ametumia mzunguko wa do-while mahali ambapo wenzake wangetumia while. Akauliza: "Mwalimu, mbona yote inazunguka tu? Tofauti yake ina uzito gani?"

Nilimjibu kwa mstari mmoja, kwamba while inauliza kabla ya kutenda na mwenzake anatenda kabla ya kuuliza. Jibu ni sahihi. Halikunigharimu chochote, na tangu nilitume silali vizuri.

Halafu Jumapili Hamisi akaja.

Alitoka Tandahimba kwa basi la asubuhi. Nilimsikia kabla sijamwona, maana kitanda changu kiko karibu na dirisha la uani. Alipiga hodi, akakohoa, akapiga tena. Mama Somoe alikuwa kwenye tenki la maji, ndoo mkononi.

Hakumwamkia. Kaka yake mkubwa, na hakutoa shikamoo.

"Umefuata nini?"

"Nimekuja kumwona mgonjwa."

"Mgonjwa amelala."

Sikuwa nimelala. Nilikuwa nimekaa vilevile nilivyokaa sasa.

"Basi mwambie nilifika," Hamisi akasema. Akatua kikapu cha ming'oko, mizizi ya porini, kwenye ngazi, akageuka. Nilisikia mkongojo wake mpaka barabarani. Kikapu kilikaa pale mpaka jua lilipozama. Jioni Mama Somoe aliichemsha ming'oko ile, akaniletea sahani. Yeye hakula.

Kwa asiyetoka huku juu, lazima nieleze kilichonichoma. Uwanda wetu hauna mito. Wakati wa utoto wangu maji yalichotwa bondeni, chini ya magenge, na mwanamke alipanda nayo kichwani njia nzima. Kwa sababu hiyo hiyo, mgeni akifika hupewa maji kwanza. Anakaa, anakunywa, anarudisha kikombe, ndipo anaulizwa ametoka wapi na amefuata nini. Kumuuliza kabla hajanywa ni kumwambia kwamba maji yako yanasubiri jibu lake.

Mama Somoe anaijua mila hii kuliko mimi. Muuza mkaa humpa maji. Mtu wa sensa alimpa maji. Jumapili aliuliza kwanza, tena amesimama kando ya tenki lililojaa.

Sasa nirudi Masasi ya wakati ule.

Nilikuwa mwalimu wa hesabu, nikaazimwa na chama kikuu cha ushirika. Mambo yalikuwa yanabadilika kwa kasi. Wanunuzi binafsi walikuwa wameanza kuingia vijijini na malori yao na mizani yao, ushirika ulikuwa unahema, na kila mtu mwenye cheo alisema neno "kisasa" mara nyingi. Mradi mmoja ulileta salfa ya bure kwa ajili ya ubwiri unga, ule ugonjwa unaofunika maua ya mkorosho kwa vumbi jeupe mpaka yanakauka. Mradi huohuo ulileta kompyuta moja na printa iliyopiga kelele kama cherehani mbovu. Mimi nilipelekwa Dar es Salaam kusomea Pascal, lugha ya kuandikia programu. Nikarudi na cheti na diski mbili kwenye bahasha, na nilitembea Masasi kama mtu aliyerudi kutoka Maka.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kugawa salfa. Kanuni ilikuwa rahisi: mfuko mmoja kwa kila mikorosho ishirini, na inayobaki ihesabiwe kama ishirini. Mwenye sitini mifuko mitatu. Mwenye hamsini, mitatu pia.

Niliandika hivi, nikitumia neno la Pascal, REPEAT: toa mfuko mmoja, punguza mikorosho ishirini, rudia mpaka mikorosho iishe.

Ningeweza kuandika hivi, kwa WHILE: maadamu mikorosho ipo, toa mfuko mmoja, punguza ishirini.

Zijaribu kwa sitini. Zote mbili zinakupa mitatu. Kwa hamsini, zote mitatu. Kwa mkorosho mmoja, zote mfuko mmoja. Ungeweza kukaa siku nzima ukizijaribu usione tofauti. Nami nilizijaribu nikaridhika.

Sikujaribu sifuri. Nani ataomba salfa hana mkorosho?

Swali hilo lingetoka kwa mgeni. Mimi nilizaliwa huku, nilipaswa kujua.

Karani wa chama cha msingi alipopita Mnyambe kuandikisha, aliandika kila mtu mzima wa kila nyumba. Kisha aliuliza kila mmoja: mikorosho hii ni ya nani? Na mwanamke wa kwetu, hata kama mche aliuotesha yeye, akaubeba yeye, akaumwagilia kwa maji yaliyopanda kichwani mwake, akiulizwa mbele ya watu atasema: "Ya mjomba." Ndiyo heshima. Mjomba ndiye mkuu wa ukoo, na ukoo ni wa upande wa mama. Basi karani akaandika kama alivyoambiwa. Miti mingi sana kwa jina la mjomba, na mbele ya majina ya wapwa zake, sifuri, sifuri, sifuri.

Mama yangu mzazi alikuwa na sifuri ya namna hiyo. Nimekula korosho za sifuri hiyo, nimesomeshwa nayo.

Programu yangu ilipofika kwa mwenye sifuri ilifanya kama ilivyoambiwa. Ilitoa mfuko mmoja kwanza. Kisha ikapunguza, ikauliza kama mikorosho imeisha, ikaona imeisha zamani, ikaenda kwa jina linalofuata.

Siku ya kugawa nilipanda na lori mpaka Mnyambe. Hamisi alisimama mlangoni pa ghala na ule mkunjo wa karatasi zenye matundu pembeni, akisoma kwa sauti ya muadhini. Mjomba wao, Mzee Chilumba, alikuwa amekaa mbele kwenye kiti chake mwenyewe, alichobebewa kutoka nyumbani. Alichukua mifuko yake mingi. Kisha Hamisi akasoma:

"Fatu! Mfuko mmoja."

Fatu ndiye Mama Somoe. Alikuwa mjane wa karibuni, amesimama nyuma kabisa na wenzake. Alidhani anataniwa.

"Kaka, acha mzaha mbele ya watu. Mimi nina miti gani?"

"Mimi nasoma karatasi. Karatasi imetoka kwenye mashine. Mashine imesema Fatu."

"Labda Fatu mwingine."

"Fatu mwingine yupi, mwenye domo kama lako? Njoo uchukue, unanichelewesha."

Watu wakacheka. Hamisi akasoma jina la mwanamke mwingine, na mwingine, mfuko mmojammoja. Mama mmoja mtu mzima, sasa ni marehemu, akasema kwa sauti: "Basi mashine hii imelelewa! Inampa mgeni maji kabla ya kumuuliza." Uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko na vigelegele.

Mzee Chilumba hakucheka. Alinigeukia. "Mwalimu, mashine yako imeharibika?"

Nilijibu: "Haijaharibika, mzee. Inafanya kama nilivyoiandika."

Ilikuwa kweli, ila sikuwa najua nilichoandika. Niliikuta sababu niliporudi Masasi na kuisoma programu mstari kwa mstari. Nikaona nimekosea, nikaona pia kwamba watu wamefurahi. Nikanyamaza.

Hilo ni la kwanza ninalokiri, na si kubwa. Kwa miaka yote niliyowafundisha niliwaambia kwamba niliitumia REPEAT kwa makusudi, kwa kuheshimu mila ya maji. Mliandika kwenye madaftari yenu. Wengine mmewafundisha wenu hivyohivyo. Si kweli. Mzunguko ule niliunakili kutoka kwenye zoezi la darasani Dar es Salaam, na maneno ya maji na mgeni ni ya yule mama wa Mnyambe. Nilimchukulia hekima yake nikaivaa.

Mfuko ule mmoja ulifanya kazi. Kipupwe kile Mama Somoe alipulizia salfa alfajiri, umande ukiwa bado kwenye majani, kwa mashine ya kuazima, kitambaa usoni na macho yanamtoka machozi. Kwa mjomba wake alisema: "Miti niliyopulizia dawa yangu, korosho zake nitauza mwenyewe. Mashine inanijua." Mzee alinung'unika, lakini hakumzuia, kwa sababu jina lilikuwa limesomwa mbele ya watu. Maua yalibaki safi. Akauza, akanunua bati za kuezeka upande mmoja wa nyumba, akaweka pipa chini ya mchirizi. Mwaka ule kwa mara ya kwanza alichota maji ya mvua mlangoni kwake. Ameniambia habari ya pipa lile mara nyingi kuliko habari ya harusi zake zote mbili.

Miaka kadhaa baadaye, mke wangu wa kwanza, mama yake Zuhura, alipokuwa ameshafariki, nilipeleka posa kwa Mama Somoe. Alikubali upesi, nikamuuliza kwa nini. "Ni ule mfuko, Baba Zuhura," akasema. "Sura yako ni ya kawaida tu." Bado ananitania hivyo anaponinywesha uji. Nacheka, huku nikitazama pembeni.

Maana kulikuwa na mwaka wa pili.

Kabla ya msimu wa pili, mkuu wa mradi aliniita ofisini Masasi. Alikuwa na karatasi zangu mezani na amezungushia sifuri kwa kalamu nyekundu. Walikuwepo wenzangu wawili tuliosoma nao Dar es Salaam.

"Mwalimu, hawa hawana mti hata mmoja. Mbona programu yako imewapa mifuko?"

Nilikuwa na jibu. Nalisema tena hapa kwa sababu nimelisema kichwani maisha yangu yote: hizi sifuri si sifuri, mkuu. Hawa ndio wanaopalilia na ndio wanaookota. Karani aliuliza swali ambalo mwanamke wa Kimakonde hawezi kulijibu vingine mbele ya watu. Nendeni mkaone nani yuko shambani asubuhi.

Wenzangu wawili walikuwa wananitazama. Mmoja alikuwa ameshaelewa kosa liko wapi, nilimwona anazuia kucheka. Nikasema: "Ni kosa dogo la mzunguko. Nitalisahihisha leo."

Nililisahihisha mchana uleule. Nikafuta REPEAT, nikaandika WHILE, nikahamisha swali kutoka mwisho nikaliweka mwanzo. Nikaijaribu kwa sitini, kwa hamsini, kwa mmoja, na safari hii kwa sifuri. Kwa sifuri haikutoa mfuko hata mmoja, kama inavyotakiwa. Nilijiona fundi. Nilikwenda kunywa chai kwa furaha.

Na kwa kuwa nilitaka kazi iwe safi zaidi, niliiambia printa isichapishe jina la mtu asiye na mfuko. Kupunguza karatasi.

Kwa hiyo lori lilipofika Mnyambe msimu ule, orodha aliyokabidhiwa Hamisi haikuwa na sifuri. Kina mama hawakuwemo kabisa. Alisoma mpaka karatasi ya mwisho, akaigeuza nyuma, akarudi mwanzo. Nilikuwa nimekaa mbele kwenye lori na kioo kimeshushwa.

"Tumekwisha?" mmoja akauliza.

"Karatasi imekwisha."

"Na sisi?"

"Hamumo."

Kelele zikaanza. "Mwaka jana ulitusoma, mwaka huu salfa imekuingia machoni?" "Msomee vizuri dada yako, wewe!" "Hayumo dada yake? Basi huyu kala na wa kwao!" Mtu akasema ameona lori likisimama njiani. Mwingine akasema wanunuzi wapya wa Tandahimba wanauza salfa ya magunia kama haya haya. Hilo la pili lilikuwa kweli, soko lilikuwa huria, salfa ilikuwa inauzwa kila mahali. Lakini maneno hayo mawili yakiwekwa pamoja yalitosha kumfanya mtu mwizi.

Mzee Chilumba aliinuka kutoka kwenye kiti chake, akamwambia Fatu kwa upole kabisa: "Mashine imekusahau, mwanangu. Rudi kwenye miti ya mjomba."

Kuna kitu kilitokea baada ya hapo. Nimekiruka kila nilipojisimulia habari hii, na sasa nakiruka tena. Nitakirudia.

Maua ya miti ya Mama Somoe yaliungua mwaka ule. Nyumba yake ilibaki nusu bati nusu nyasi kwa miaka. Hamisi aliondolewa ghalani na kamati, bila barua, kwa kunyang'anywa ufunguo tu. Alihamia Tandahimba akajifunza cherehani ukubwani. Anashona sare za shule. Sijawahi kusikia mtu akisema Hamisi amempunja kitambaa.

Somoe alipoolewa, mimi nilikuwa baba wa nyumba, nimevaa kanzu mpya, nikikaribisha wageni. Kwetu binti haondoki mpaka mjomba wake aseme. Baba hana neno pale, sembuse baba wa kambo. Mjomba wa Somoe ni mmoja tu, Hamisi. Kwenye mkeka wa mjomba Mama Somoe alimkalisha binamu wa mbali kutoka Chilangala, mtu ambaye ilibidi aambiwe jina la bibi harusi. Hamisi alikuja. Alikaa barazani kwa jirani, nguo zimepigwa pasi, na kila vigelegele vilipopanda aliinua kichwa. Nilimwona. Nilimpelekea soda kwa mkono wangu mwenyewe, akanishukuru.

"Ahsante, shemeji. Wewe ndiye pekee usiyenihukumu."

Nilirudi kwenye wageni.

Mwanafunzi wangu uliyeuliza, hii ndiyo tofauti. Siwezi kukwambia mzunguko upi ni bora. Mkuu wa mradi hakuwa mjinga, salfa haikuwa ya kumwagwa. Kuna mahali pa kuuliza kwanza. Kama unatoa dawa ya sindano, uliza kwanza, tafadhali. Lakini ukihamisha swali kutoka mwisho kwenda mwanzo, nenda ukaangalie nani alikuwa anaingia kwa nafasi ile uliyoifunga. Na ukishamwona, sema. Programu ningeweza kuirekebisha tena siku iliyofuata, ilikuwa mistari mitatu.

Mama Somoe ameingia sasa hivi na kikombe cha maji ya moto yenye tangawizi.

"Unaandika nini tena, Baba Zuhura? Hao wanafunzi hawana walimu wengine?"

"Namalizia."

"Unamalizia tangu juzi." Akanifunika miguu vizuri, akatoka. Nasikia anafagia. Yeye hasomi ukurasa huu, anasema maandishi ya kwenye kioo yanamuumiza macho. Somoe husoma. Somoe, ukifika hapa usimpigie mama yako simu. Ngoja Ijumaa.

Nimekwisha kumwambia Somoe kwamba Ijumaa atoke Masasi mapema, apitie Tandahimba ingawa si njia yake, amchukue mjomba wake na amlete mpaka ndani, kwenye chumba hiki. Sikumwambia sababu. Nitawakalisha wote wawili hapa kitandani na nitasema. Pumzi ikigoma, Somoe atawasomea hii. Naiweka hadharani leo makusudi, ili keshokutwa nisipate pa kurudia nyuma. Najijua.

Sijui kama Mama Somoe atanilisha uji baada ya hapo. Ana haki asinilishe.

Sasa kile nilichokiruka.

Baada ya Mzee Chilumba kusema neno lake, Mama Somoe hakumfokea kaka yake. Watu wanadhani alimfokea palepale, hapana. Alimwangalia, na nilivyomwona alikuwa bado anamwamini. Alipita katikati ya watu akaja mpaka kwenye lori, upande wangu, akashika ukingo wa dirisha. Mikono yake ilikuwa na udongo. Hamisi naye alikuja nyuma yake na karatasi zake, na alionekana kupata nafuu, maana alijua mimi ndiye mwenye mashine, na jibu langu litamtoa kwenye aibu ile.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba."

"Nauliza jambo moja tu, nisimdhulumu ndugu yangu. Ile programu ya mwaka huu ni ileile ya mwaka jana? Umetuweka?"

Watu walisogea ili wasikie. Dereva alizima injini.

Nilimtazama yeye, nikamtazama Hamisi, nikasema: "Ni ileile, mama. Nimewaweka wote."